Nambari 417 Huanza kwa Habari

Jumatatu, 3 Februari 2025

Leo nimemaliza! Kile kisanduku cha kutafutia kwenye tovuti yetu ya mbegu na dawa za mifugo sasa hakinifichi kitu. Mtu akiandika herufi moja, naiona. Maneno tunayompendekezea, nayaona. Amegusa lipi, amefuta nini – yote. Jina lake silioni, nambari tu. Munyao, mwenye tovuti na mwenye mshahara wangu, amechungulia kompyuta akasema sasa tutajua wateja wanataka nini kabla wao wenyewe hawajajua. Haya. Mimi mbea tangu utotoni, hatimaye nimepata kazi inayonifaa.

Jumanne, 4 Februari

Nambari 417 ni nani?! Kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tano na nusu ametafuta mara sitini na moja. Mahindi, minyoo ya kuku, waya, mahindi tena. Na anaanza na "habari". Habari! Nani husalimia kisanduku? Kikampendekezea "habari za mbegu mpya", hakugusa. Akafuta, akaandika "habari ya kazi".

Munyao hakucheka. Kwake huyo si mteja, ni mashine ya washindani inayokuja kunakili bei zetu. Akaniambia hiyo "habari" niiondoe kwenye orodha, inaharibu takwimu. Sijaiondoa.

Jumatano, 5 Februari

417 hayupo. Nimechungulia asubuhi, nimechungulia baada ya chai. Ajabu – nimemkosa.

Alhamisi, 6 Februari

Amerudi, saa ile ile! Nimeacha kila kitu nikamtazama herufi kwa herufi. Mara anaandika mbio, mara herufi moja kisha kimya cha dakika nzima. Mara anakubali pendekezo la kwanza, mara anayakataa yote. Si mtu mmoja huyu. Mikono mingi, simu moja.

Nikamwambia Munyao mashine haikosei ikafuta. Akasema basi ni ofisi nzima ya washindani, na akirudi Jumanne atamfungia, hataiona tovuti tena. Nikabisha kidogo. Kidogo tu, mkataba wangu bado ni wa majaribio.

Ijumaa, 7 Februari

Situlii. Nimerudia rekodi zake zote. "Mbuzi ametupa mimba" – mara tisa kwa siku mbili! Kila mara tunampendekezea "mbuzi wa maziwa". Mara moja akaligusa, akakaa kwenye ukurasa sekunde nne, akatoka. Na mimi nikaliwekea alama ya kijani: mteja amepata alichotaka. Washindani gani hao wanaolia na mbuzi?

Halafu nikaona 417 aliwahi kununua ndengu za kupanda, akazichukua kwa wakala wetu wa Mwala. Nikampigia. Wakala akacheka sana: hiyo ni simu ya kina mama wa mwethya, wanaolimiana mashamba kwa zamu, kila Jumanne na Alhamisi.

Jumanne, 11 Februari

Nimemdanganya Munyao kwamba naumwa jino. Naandika nikiwa Mwala, nimekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kina mama kumi na wanne wanachimba mitaro ya kuzuia maji kwenye shamba la mwenzao. Saa nne wakaweka majembe chini, uji ukaja, na Kamanthe, mwenye simu, akaitoa kwenye leso. Wakaanza kupokezana, vidole vimejaa udongo. Asiyeona vizuri anasomewa.

Nikajitambulisha, natoka kwenye ile tovuti. Kamanthe akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kumbe ni wewe unatuandikianga! Sasa mbona tukikusalimia hujibu?"

Nilitaka kucheka, nikashindwa. Wanajua kuna mtu. Ukiandika herufi mbili na maneno yanakuja, nani mwingine ameyaleta? Nikaeleza kwamba ni mashine, inabahatisha tu. Akanisikiliza kwa adabu, hakuniamini.

"Sawa. Lakini vile tunaandika, unasoma?"

Nikasema nasoma.

"Unasoma! Mbuzi wangu wawili wametupa mimba. Huyu wa tatu ako na mimba ya miezi minne. Tumekuuliza wiki mbili mzima, unatuonyesha mbuzi wa kununua."

Nimeona aibu, jamani. Nilisoma mara tisa! Nikahesabu tu. Na mimi ni mtu wa kompyuta, mbuzi siwajui. Nimempigia daktari wa mifugo mara tatu, hashiki.

Saa nne na dakika arobaini. Ujumbe wa Munyao: 417 ameingia, anamfungia sasa hivi. Nimejibu: "Usifunge. Ni kina mama. Niko nao Mwala, hakuna jino linaloniuma." Ujumbe umeenda. Hajausoma.

Kamanthe amesimama hatua mbili kutoka hapa nilipo, anaandika kwa kidole kimoja. Kwenye simu yangu, nilikofungua rekodi za kisanduku, herufi zake zinaingia. Habari ya kazi. Anafuta. Mbuzi wa tatu a

Zimekoma. Simu yake anaigonga, anaigonga tena. Sasa haitazami, ananitazama mimi.

"Umenyamaza tena?"