Sitalifunga Tena Tela Nyuma ya Gari la Baba

Kambi ya Matela ya Sagebrush,
Nafasi ya 14,
Rawlins, Wyoming.
14 Septemba

Mpendwa kaka Royce,

Pokea salamu zangu kutoka huku kwenye upepo. Mgongo wako unaendeleaje? Wifi Nadine aliniambia kwamba siku hizi unaamka umekauka kama ubao, na baridi ya huko Alaska haimwonei mtu huruma. Tafadhali usinyanyue vitu vizito peke yako ukijifanya bado una miaka ishirini. Na watoto je, wamesharudi shule?

Sisi ni wazima. Tess ameng'oka meno mawili ya mbele, Boone hataki kabisa kuvaa viatu, na Opal anaota jino lake la kwanza, kwa hiyo sijalala vizuri tangu Jumapili. Ukiona mwandiko unapanda na kushuka, ujue ninaandika yeye akiwa begani.

Kaka, najua hujapokea simu zangu tangu siku ile ya Agosti. Sikuandikii ili nikugombeze. Uliniambia, "Ukiliuza gari la Baba, usiniite kaka tena," ukakata. Mimi bado nakuita kaka, kama unavyoona. Ila hukunipa nafasi ya kukueleza kilichotokea barabarani, na kwenye simu ningelia tu. Kwa kalamu naweza.

Tulikuwa tunahama kutoka Cheyenne, Colter akiwa amepata kazi kwenye bomba jipya la gesi. Unayajua maisha ya mafundi wa bomba: mume anatangulia na gari lake la kuchomelea, mke anafuata na nyumba. Nyumba yetu ni hili tela la futi thelathini, na tangu tulipomzika Baba mwezi wa Machi nilikuwa nalivuta kwa pikapu yake. Nilifurahi, Royce. Kiti kilikuwa bado kimebonyea pale alipokuwa akikaa.

Karibu na Elk Mountain upepo ukatupiga ubavuni. Lori likatupita kwa kasi, tela likavutwa upande wa lori, likarudi upande wa pili, kisha likazidi kuyumba. Kwenye kioo nikaona ukuta wa jikoni kwangu unakuja mbele. Usukani ulikuwa mwepesi mikononi kama wa gari la kuchezea.

Sikukanyaga breki. Nilipokuwa na miaka kumi na sita Baba alinipeleka kwenye uwanja wa maonyesho akanifundisha: tela likianza kucheza, mguu uache, bana kwa mkono ile breki ya tela peke yake, lijikokote nyuma likunyooshe. Nikabana. Tukanyooka. Nilipoegesha na kushuka, nikakaa kwenye changarawe. Tess akatoa kichwa dirishani akaniuliza, "Mama, mbona nyumba ilitaka kutupita?"

Nikamwambia arudishe kichwa ndani.

Nilipomfikia Colter, aliniambia ni upepo tu. Kitabu cha gari kinasema pikapu ile inavuta paundi elfu kumi na moja, na tela letu halifiki hata elfu tisa. Ndivyo tunavyosema sote. Na wewe ulisema hivyohivyo: Baba alivuta kila kitu kwa gari lile.

Basi Jumamosi iliyofuata nililipeleka kwenye mizani ya malori, tela likiwa limefungwa na mizigo yote imepakiwa. Kila mtu alikaa pale alipokuwa amekaa siku ile, hata mbwa. Mwanamke wa mizani akauliza kwenye spika, "Mara ya kwanza au unarudia?" Mara ya kwanza, nikamjibu, nikaona haya. Dereva mmoja mzee aliyekuwa anasubiri zamu yake akanipigia kelele:

"We mama, unahamisha nyumba au unaipeleka kliniki?"

"Naipeleka kliniki, mzee. Inaumwa."

Akacheka. Lakini alipoisoma ile karatasi ya mizani kicheko kikamwisha. Akanifungulia mlango wangu mwenyewe, akaweka kidole kwenye kibandiko cha pale kwenye nguzo ya mlango. "Soma hapa, binti yangu. Kuvuta ni jambo moja. Kubeba ni jingine."

Miaka yote hii nimefungua mlango ule na sijawahi kukisoma. Kinasema watu na mizigo yote pamoja visizidi paundi 1,480. Sasa shingo ya tela peke yake inalilalia gari kwa paundi elfu moja na hamsini. Weka vyuma vya kuunganishia, niweke mimi, watoto na viti vyao, mbwa, jenereta, na lile sanduku la spana za Baba ambalo sikuwa na moyo wa kulishusha. Tumezidisha kwa paundi mia nne, kaka. Gari lilikaa chini nyuma, likanyanyuka mbele, ndiyo maana usukani ulikuwa mwepesi vile. Baba alikuwa akivuta kile kitela chake cha kwendea kuwinda, watu wawili na chupa ya kahawa. Gari halikumwangusha hata siku moja. Sisi ndio tuliolitwika tusiyoyapima.

Tukaenda kutafuta jingine. Muuzaji akatuonyesha dizeli moja ya daraja la kati, viti vya ngozi, paa la kioo. Colter macho yakamtoka. Mimi nikafungua mlango nikasoma: 1,950. Injini ile nzito na mapambo yote yale yameshakula nafasi ya watoto wangu. Nikaenda la pili, la tatu, Opal begani, nafungua na kufunga.

"Dada, wenzako huanza na injini," muuzaji akasema. "Wewe unanunua mlango?"

"Injini itasubiri. Watoto wangu wanaingilia mlangoni."

"Mwache tu, bwana," Colter akamwambia. "Angekuwa amekiona kibandiko changu mapema, hata mimi asingenichukua."

Tumechukua la daraja linaloitwa la tani moja, la petroli, milango minne, viti vya kitambaa. Tani moja ni jina la zamani tu; linabeba paundi elfu nne kasoro mia, na difu yake ni ile ya kupandia milima, halina mbio lakini linavuta. Nyuma lina tairi mojamoja. Colter alitaka zile pacha, nikakataa, maana huelea kwenye theluji, na wakati wa baridi mimi ndiye ninayekwenda nalo dukani na shuleni. Alinuna siku mbili kwa ajili ya dizeli. Ya tatu alikuja na tochi akaanza kukagua breki bila kuambiwa.

Lina miaka sita na mlango mmoja umekwaruzwa. Muuzaji alikuwa tayari kutupatia jipya kabisa iwapo tungemwachia gari la Baba. Hapo ndipo nilipokukumbuka wewe. Nilitoka nje nikalizunguka mara moja, nikarudi nikamwambia hilo haliuzwi.

Kwa hiyo sikuliuza, Royce. Ila sitalifunga tena tela nyuma yake, na wala usiniombe nifanye hivyo kwa jina la Baba. Nilimpenda kama wewe. Kilichotuokoa siku ile ni alichonifundisha, na hicho ninacho popote niendapo. Gari lile lilikuwa linatuzamisha.

Jumapili nililipeleka kwa shangazi Verna kule Kemmerer, likiwa tupu, mimi peke yangu. Royce, lilikwenda vizuri kama zamani. Nililia njia nzima. Liko kwenye banda lake, nimelifunika turubai. Sanduku la spana nimelichukua mimi. Gari ni lako.

Karatasi ya mizani nimeiweka humu, uisome mwenyewe. Na hicho kigumu kilichokuwa kinakukwaruza vidole ulipokuwa unafungua bahasha ni ufunguo. Njoo ulichukue theluji ikiyeyuka. Mpakie wifi Nadine na chupa ya kahawa, basi.

Tess amenikumbusha swali lake jana tulipokuwa tunajaribu kulifunga tela nyuma ya gari hili, maana tunahamia Dakota Kaskazini wiki ijayo. Nimemjibu kwamba nyumba sasa imekubali kufuata.

Nisalimie sana wifi Nadine, na Wyatt na mdogo wake Lorna. Shangazi Verna anasema bado anakusubiri kwa pai ya tufaha, na kwamba hasira haijawahi kumshibisha mtu. Colter anakusalimu. Mungu akulinde huko kwenye barafu, akulainishie mgongo, na moyo pia.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipopokea simu,

Darcy