Mgeni Aliyekuja Kupima Bidii

Jumatano usiku, Nkuhungu

Yule kijana wa utafiti kamaliza kazi yake. Sasa tunajua kwa nini Mama Neema, jirani yangu mponda kokoto, ni maskini. Hajitumi.

Alikuja asubuhi kupima nani hana kitu kwa kuonewa na nani kwa uvivu wake, maana wavivu, alisema, msaada hauwahusu. Akaketi uani kwa Mama Neema amtazame akifanya kazi.

Lakini kwao Gulwe mgeni akiketi, nyundo inawekwa chini. Mama Neema akafagia, akachemsha chai, akamuuliza mgeni habari za mama yake. Kijana akaandika kwamba amekaa tu.

Nikamvuta pembeni. "Mwanangu, huyu anakuheshimu. Ondoka uone kama hatashika nyundo."

"Sasa mzee, nikiondoka nitapimaje?"

Akahamia nyumba ya pili, kwa mlinzi wa lango huko Ipagala, ambaye kazini hulala usiku kucha. Huyo kataja zamu yake tu, kaandikiwa saa kumi na mbili za bidii.

Tangu kijana aondoke, nyundo ya Mama Neema haijanyamaza. Lori linakuja alfajiri na lundo halijatosha. Jioni nilikwenda kumwambia alichoandikiwa, akaniwahi.

"Shikamoo baba. Eti mgeni wetu aliondoka ameridhika? Ile chai haikuwa na sukari."

Nikamwambia aliridhika sana.