Gari Lisilotakiwa Kufika Mia

Jumatano, 8 Novemba

Bwana Elsener amekuja kulitembeza gari lake. Mara ya kwanza mwaka huu. Nimelivua shuka, nimechomoa waya wa kuchajia betri, nimemfungulia mlango — ule unaopanda juu kama bawa. Akajiingiza kwa tabu, tumbo kwanza. Alipowasha, madirisha yote ya kiwanda yalitetemeka. Zamani humu walisokota pamba. Sasa tunalaza magari ya matajiri.

Kahawa yangu haijapoa, huyo karudi. Polepole, kama anayesindikiza maiti. Akatoka ameshika paa, uso umemwisha rangi. Nikamwuliza kama gari lina hitilafu. Akasema halina.

“Niligusa tu,” akasema. “Nikawa nimeshafika.”

Hakusema kafika wapi. Hajafika hata mlimani. Nyuma ya rafu za matairi mwenzangu Delfim alikuwa akicheka kimyakimya, mabega yanaruka.

Nimelifuta matope. Mita inasoma kilomita 99.

Alhamisi, 9 Novemba

Elsener anauza! Meneja wetu, Bwana Kamm, ametuita ofisini mimi na Delfim. Mnunuzi ni mkusanyaji wa magari kule Geneva, na sharti lake ni moja: mita isifike mia. Chini ya mia ni gari jipya. Ikifika mia ni gari la mtu. Hapo bei inaporomoka, na mnunuzi anaondoka.

Tatizo — mita ile haionyeshi visehemu vya kilomita. Labda imebakiza kilomita nzima. Labda urefu wa kitanda. Hakuna anayejua, hata Elsener.

Basi haliwashwi tena. Kamm akasema atakayeliwasha afungashe vitu vyake siku hiyohiyo. Alisema akinitazama mimi, kwa sababu anajua napenda kukaa ndani ya magari haya. Mkataba wangu ni wa mwaka mmoja mmoja, na chumba ni cha kampuni. Kazi ikiisha, chumba kimeisha, na kibali cha kukaa nchi hii sijui.

Jioni Delfim akaniambia, “Nguvu za farasi mia tisa, mdogo wangu. Na hakuna hata mmoja wa kupanda.”

Jumamosi, 11 Novemba

Siku ya Mtakatifu Martino. Tumechoma zile njugu kubwa za msituni kama tunavyofanya kwetu, juu ya jiko la umeme, moshi mpaka koridoni. Binamu yake Delfim alituma divai mpya kutoka kwetu Minho. Kali kama siki. Tumeinywa yote.

Tukabishana. Delfim alifika nchi hii kijana, akafanya kazi gereji moja Zürich. Anasema wakati ule wenye magari ya mbio walikuja na grisi kwenye kucha, wakilalamikia kabureta. Gari lilikuwa ghali, lakini daktari wa meno aliweza kujibana akalipata, na likimshinda lilimshinda kidogo tu — aliaibika, akarudi tena Jumapili. Haya ya leo, anasema, yameshindana yenyewe kwa yenyewe mpaka yakamwacha binadamu nyuma. Huwezi kuyaendesha kwa sababu ya mwendo. Huwezi kuyaacha yaendeshwe kwa sababu ya bei. Yamebaki kama watakatifu wa kanisani, wa kufutwa vumbi.

Nikamwambia huo ni wivu. Mtu akifanya kazi akapata, anunue kitu kinachomzidi, kuna ubaya gani? Na ni mazuri. Hapa daftarini naweza kusema: ni mazuri. Kuna siku naweka kiganja kwenye ule mgongo wa nyuma wa gari la Elsener, nasahau mgongo wangu.

“Umerogwa na rangi wewe,” akasema.

Baadaye nikampigia Graça, mke wangu. Nikamsimulia. Akauliza linakwenda kasi gani. Nikasema linaweza kufika mia tatu na hamsini kwa saa. Akauliza tena: kwenda wapi?

Jumatatu, 13 Novemba

Leo zamu ya kusogeza. Kila gari tunalisukuma kwa mkono robo mzunguko wa gurudumu, ili tairi lisilale upande mmoja. Ukumbi mzima. Mgongo unauma hadi kwenye meno.

Kamm ana mpango. Lori la kubebea haliwezi kupanda hadi hapa — daraja letu limepunguziwa uzito unaoruhusiwa tangu mafuriko. Lori litangoja chini, barabara kuu. Siku zote magari yanashuka yenyewe hadi kule. Hili halitawashwa. Kwa hiyo litashuka limekufa: mmoja kwenye usukani, watatu nyuma wamelishika kwa kamba. Kwenye usukani mimi, mwepesi kuliko wote.

Nikamwuliza, na majani haya barabarani? Akasema mteremko ni wa mtoto.

Delfim akaenda kuhesabu kabari za magurudumu. Delfim akianza kuhesabu vitu mimi silali.

Jumanne, 14 Novemba

Mvua. Lori halikuja. Fundi alikuja kutoka Zürich, akafungua breki ya kuegeshea kwa zana yake maalumu na kulitoa kwenye gia, bila umeme. Tukalitilia kabari nne. Fundi akatueleza vizuri: kitufe kikibonyezwa, umeme unaamka, breki inajikamata yenyewe, na mita inaamka nayo. Kuanzia hapo halisukumwi tena, ni kuliendesha tu, na kila hatua inahesabiwa. Kulifungua tena mpaka yeye arudi.

Akaondoka na zana yake.

Jumatano, 15 Novemba

Naandika nikiwa ndani ya gari. Mikono haina kazi. Mguu ndio wenye kazi.

Tuliondoka baada ya chakula. Kamm, Delfim na dereva wa lori, Mpolandi mmoja mkimya, walishika kamba. Hadi kwenye banda la maji tulikwenda vizuri, kwa mwendo wa bibi harusi. Jirani mmoja alisimama na mbwa wake akatupiga picha. Kisha kona, mteremko, majani. Nikasikia Kamm akipiga yowe — kamba imemchuna viganja. Halafu sikusikia kitu. Gari likawa linakwenda.

Sijawahi kusikia gari hili kimya hivyo.

Nilikanyaga breki kwa miguu miwili. Bila injini ni kama kukanyaga jiwe. Likateleza, likapunguza, likasimama upana wa meza kutoka ukingo wa daraja. Delfim akaja mbio na kabari, akaisukuma chini ya gurudumu la mbele. Kabari haikai. Majani yako chini yake kama sabuni. Ameipiga kisigino, ameketi chini kuizuia kwa nyonga, ameegemeza mgongo wake kwenye pua ya gari na miguu kwenye mawe ya ukingo.

Kamm alikuja dirishani, damu mkononi. Nilidhani atasema washa. Akasema yeye na Mpolandi wanakwenda kuleta waya wa winchi, ile ya kuvutia magari, kutoka kwenye lori, na usipofika wataomba trekta kwa mkulima. Akasema nisiguse kitufe. Akarudia: nisiguse.

“Na Delfim je?” nikamwuliza.

“Delfim ni mtu mzima.”

Wamekwenda. Ukungu umeshuka, lori silioni tena.

Kila mguu wangu ukilegea kidogo, gari linashuka upana wa kidole. Mguu wa kulia umeanza kutetemeka, nimebadili, sasa wa kushoto nao. Nimemwambia Delfim atoke.

“Nikitoka, kabari inatoka,” akasema. “Kanyaga tu.”

Nikamwambia nawasha. Breki itajikamata, atoke, yaishe. Akageuza shingo akanitazama kupitia kioo. Akasema nikiwasha nitalala wapi leo. Akasema Graça anangoja pesa za paa la nyumba yetu. Akasema yeye ana miezi michache tu apate pensheni, amekaa chini, hana haraka. Anatania! Lakini magoti yake yamepanda juu zaidi ya mwanzo. Mwanzo yalikuwa yamenyooka.

Kitufe kiko kwenye usukani, chekundu, kikubwa kama sarafu ya faranga tano. Wamekiweka hapo ili mtu asikikose.

Limeshuka tena.

Nimefungua mlango, umepanda juu, baridi imeingia. Nimemwambia tena: kaka, toka hapo. Anasema ningoje kidogo, anawasikia wanakuja.

Mimi sisikii mtu. Naweka kalamu chini; kidole kiko kwenye kitufe.