Fundo la Baba, Chini Kwenye Meli

Jumatano, saa kumi jioni. Manyunyu tangu asubuhi, na moyo mzito.

Leo nimezamia tena kwenye meli yetu. Nasema yetu kwa sababu ni sisi wa kamati ya pwani tulioitoa mafuta, tukaisugua na kuizamisha, samaki wapate pa kuzalia baada ya baruti za wavuvi kuumaliza mwamba. Kazi yangu ni kuwahesabu. Wiki jana nilimkuta chewa mkubwa amejilaza chumba cha nahodha kama mwenye nyumba, nikafurahi mno.

Leo hapakuwa na cha kuhesabu.

Samaki, changu na tasi, wamelala sakafuni, matumbo yamepasuka. Na pembeni ya dirisha la nahodha, chupa ya baruti iliyogoma kulipuka. Nikaisogelea, mjinga mimi, nikaona kamba ilivyofungwa shingoni mwake.

Marehemu baba alipoteza mkono wa kulia kwa baruti hiyohiyo. Tangu hapo akawa anafunga madema yake, mitego ya samaki, kwa mkono wa kushoto na meno, fundo likatoka limegeuka, ncha juu. Sisi wanawe tuliiga hivyohivyo, hatujui jingine. Tuko wawili tu: mimi na kaka Mbwana.

Nilipoibuka, mwenyekiti wetu, Mzee Kombo, akaniuliza nimeona nini.

"Samaki wamekufa, mzee. Kingine sikuona."

Sikuona! Na kesho asubuhi anashuka Salimu, mwenzangu wa kuzamia, kuokota mizoga. Salimu ana watoto watatu na mikono isiyotulia, hushika kila anachokiona.

Nikaenda moja kwa moja Makorora kwa kaka. Shikamoo yangu akaiitikia vizuri, wifi akanipakulia wali na samaki. Nyama ilikuwa teketeke, damu imevilia kwenye uti wa mgongo. Samaki wa baruti ndivyo walivyo. Mbwana akaniona ninavyoitazama sahani.

"Kula, mdogo wangu. Ulitaka wanangu wale mawe?"

"Moja haikulipuka, kaka."

Akaacha kutafuna. Akauliza kama nimeshamwambia mtu. Hakuuliza iko wapi, wala nani atashuka kesho.

Nami nikala. Wallahi naandika kwa aibu: nilikula, nikamaliza.

Nimerudi nyumbani na hasira, kwake na kwangu mwenyewe. Nampenda Mbwana. Ndiye aliyenifundisha kuogelea, kiganja chake chini ya tumbo langu nisizame.

Sasa hivi nimempigia Mzee Kombo. Nimemwambia nilimdanganya, chupa ipo dirishani, Salimu asishuke.

"Mwanangu, aliyeifunga unamjua?"

"Wanaolijua fundo lile tuko wawili, mzee. Na mimi sikulifunga."

Akakata simu bila kuaga.

Kesho nikimpa kaka shikamoo, ataniitikia?