Jina la Mzee Usiliguse

Mwanangu Kilonzo,

Usicheke. Ni wewe ulianza. Siku nilipoingia kwa saiba yako, duka lako la kompyuta hapa Kambu, kutafuta kazi, uliniuliza jina, nikasema Muthiani, ukainuka kwa kiti. Jina la babako marehemu. Toka hiyo siku, mtu mzima na ndevu zake akawa ananiita Nau, yaani baba, mimi ambaye Kambu nzima inaniita Fomu Tuu kwa sababu shule niliachia hapo, kidato cha pili. "Nau, niletee chai." Baba gani hutumwa chai? Na mimi nakujibu, "Kunywa polepole, mwanangu, utaungua."

Sasa umekufa, na mzazi hafai kumwandikia mtoto wake barua kama hii.

Tulikuzika kwenu Zombe, jua kali, wahubiri wakishindana nani ataliza watu zaidi. Programu ya mazishi niliandika mimi. Hakuna kosa hata moja, na wewe ulizoea kusema naandika kama kuku aliyekanyaga wino. Nilikasirika kwamba hukuwepo uione.

Kabla udongo haujakauka, ndugu yako mkubwa Wambua alikuwa amefika Kambu. Akachukua funguo za saiba kwa mkeo Mwende, akamwambia apumzike. Mpaka leo anapumzishwa, kwa mamake Mtito Andei, yeye na mtoto. Saiba ni ya Wambua. Anauzia saruji pale pale kwa kaunta, na kompyuta zako zinakohoa vumbi.

Halafu akataka folda za kwenye kompyuta.

Unakumbuka tulivyohangaika nazo? Kanisa na folda yake, shule na yake, kila kamati ya mazishi na yake, na sisi tunatoa ruhusa kwa mkono, folda moja moja, mpaka kidole kinauma. Ndio siku moja ukasahau kufunga moja, kiongozi wa kwaya akaifungua, akakuta wasifu wa marehemu wa mzee fulani, umepangwa vizuri na picha. Akakimbia kwa huyo mzee kutoa pole. Akamkuta amekaa kitandani anakunywa supu! Kumbe familia ilikuwa imejitayarisha mapema.

Hiyo siku ulifunga mlango ukaandika skripti, yaani orodha ya amri za kompyuta. Upande huu majina ya watu, upande huu folda: huyu asome tu, huyu aandike, huyu asione kabisa. Unabonyeza Enter, inapita folda zote kama mama anayepakua chakula, kila mtu sahani yake. Ukanifundisha mstari kwa mstari, ukinikaririsha kama mtoto wa nasari: "Nyima wote kwanza, halafu mfungulie mwenye chake." Nikaishika haraka mpaka ukaogopa. Usikatae. Uliogopa.

Basi Wambua akakaa kando yangu, kidole kwenye skrini, anasoma majina kama mwalimu na rejista. Alitaka ile folda ya Nyumbani, ya picha na video zenu. Ati picha za Kilonzo ni za ukoo, na mwanamke akirudi kwao hazimfuati.

"Huyu Mwende, toa."

"Lakini huyo ndiye mkewe."

"Kijana, nimesema toa. Ama nianze na wewe?"

Nikabonyeza. Kidole changu, Enter yako.

Akashuka hadi mwisho. Mwenye folda: Muthiani. Mwanangu, ungeona uso wake. Akavua kofia. Sauti ikashuka. "Huyu ni mzee," akasema. "Kilonzo alimkumbuka mzee. Hilo jina usiliguse."

Hakujua ni mimi uliyeniandika pale; hajawahi kuniuliza jina langu, hata siku moja. Kwake mimi ni "kijana". Nikasema, "Sawa, siligusi." Nikauma shavu kwa ndani nisicheke, mara machozi yakanitoka. Akadhani namlilia mzee. Akanipapasa bega!

Na ukiangalia vizuri, kwa jina yeye pia ni mwanangu. Lakini huyo mtoto amenishinda kulea. Nusu ya kwanza ya somo lako anaijua kabisa: nyima wote. Ile nusu ya pili hakuna aliyemfundisha.

Alipotoka kufuata saruji, niliingia kwenye kompyuta kama Muthiani. Mstari mmoja tu: Mwende, Nyumbani, ruhusa zote. Enter. Nikampigia simu, akaja na binti yenu Ndanu, akaweka paswadi yake, folda ikafunguka. Tukamwekea mtoto ile video unamfundisha kuiga mlio wa breki ya lori, pssssh! Nilidhani atacheka. Akaniambia, "Rudisha." Nikarudisha. "Rudisha." Tukairudisha mpaka Mwende akatoka nje, akasimama kando ya barabara, na malori ya kweli yanapita yakipiga breki, pssssh, nikakosa kujua nimzibe nani masikio.

Nilitaka kumwekea Mwende vyote kwa flashi aende navyo. Alikataa. "Nikibeba hivyo nitakuwa mwizi," akasema. "Ni vyangu. Nitakuwa nikija kwa mlango."

Kwa mlango, Kilonzo. Mlango wa nani? Nitakusema hata kama umelala. Folda ulijua kuzipa wenyewe. Kwaya ulijua ione nini, isione nini. Duka lenyewe, hili la mabati, ukashindwa kuandika popote kwamba ni la Mwende? Ukaona kifo ni cha wale tunaowachapia programu za mazishi? Uchungu wangu uko hapo. Mke wako anabisha hodi kwa saiba aliyoipaka rangi kwa mikono yake, na anayemfungulia ni Fomu Tuu, tena kwa wizi.

Wambua aliniambia pia nifute jina lako. Ati marehemu hahitaji ruhusa. Sikulifuta. Nimeweka tu alama ya # mbele yake. Si ulinifundisha wewe? Mstari ukiwa na hiyo alama, kompyuta inauruka, lakini unabaki pale pale na mwenye macho anausoma. Kompyuta inakuruka. Mimi kila nikifungua asubuhi nakusoma.

Lala, mwanangu, mimi nipo macho. Wambua akimtoa Mwende, nitamrudisha. Akimtoa tena, nitamrudisha tena, mpaka siku atakapochoka au atakapoona haya. Na siku akitaka kunitoa mimi, itabidi kwanza amtoe babake.

Ni mimi Nau wako,
Muthiani