King'ora Kilichonasa

Mjukuu wangu Atupele,

Ugonile. Huku Masukulu mvua haijui kupumzika, ndizi zimejaa, na bibi yako bado ananishinda kwa maneno. Anakusalimu.

Umeniuliza kama nimeelewa somo lako, kwamba ngozi ikipakwa oili chafu mara kwa mara, kemikali zake zinaweza kuzifanya seli zitoe ujumbe wa "ongezekeni" kupita kiasi, hata pasipo kidonda cha kuziba. Nimeelewa kuliko unavyodhani.

Nilipokuwa fundi kijana kiwanda cha chai, nilipaka oili chafu kila kitu: bawaba, mbao, hata goti langu likiuma. Siku moja nikapaka swichi ya king'ora cha kuita watu kazini. Ikanasa, king'ora kikawa hakizimiki. Wakaja watu wa zamu ya asubuhi. Kikazidi kulia, wakaja wa mchana, kisha wa usiku, na mzee wa kanisa na Biblia yake, akidhani Bwana amerudi. Msimamizi akawafukuza wote. Wakafika barabarani, wakasikia wanaitwa, wakarudi! Hakuna aliyekuwa mkaidi hata mmoja. Walijazana kwa utii mpaka mlango ukang'oka.

Sasa bibi yako ameificha chupa yangu ya oili. Na kwa ajili ya kile kinundu cha gotini ninachokiita uzee, Jumatatu ananipeleka Tukuyu kwa daktari. Nimemwambia mbona hakiumi.

Akanitazama. "Kwani king'ora kiliuma?"

Babu yako,
anayepiga pasi shati la kwenda Tukuyu