Utani Wangu Uliokataa Ubaoni

Mbeya, Alhamisi, Julai 1975

Baridi ya leo inauma mpaka masikio. Asubuhi umande ulikuwa umeganda juu ya majani nje ya nyumba ya walimu, na mimi Mhehe wa Kilolo, niliyekulia kwenye ukungu, nilitetemeka kama mgeni. Ila nisijidanganye. Nilikuwa naogopa.

Leo Mkufunzi Sanga wa chuo chetu cha ualimu alikuja kuniangalia nikifundisha kwa mara ya pili, ambayo ndiyo ya mwisho. Mara ya kwanza, Jumatatu, niliharibu. Niliwapa Kidato cha Pili watafute thamani ya 3x − 2(x − 4), x ikiwa −2, halafu mimi mwenyewe nikapata −18 ubaoni. Wanafunzi wakanong'ona. Nikajifanya sisikii, nikafuta ubao haraka haraka. Anayeshindwa mara mbili anarudishwa kwao, na Baba ameshatamka: nikirudi bila cheti, ualimu basi, nishike jembe.

Somo la leo lilikuwa mahusiano, katika hii hisabati mpya. Uhusiano wa usawa lazima upite majaribio matatu. Kila kitu kihusiane na chenyewe. A akihusiana na B, B naye ahusiane na A. Na A akihusiana na B, na B na C, basi A ahusiane na C. Nilitaka mfano wa kwetu, si wa kitabuni. Mwenzangu wa mazoezi ya kufundisha, Komba, ni Mngoni, na makabila yetu hutaniana tangu enzi za mababu, kwa hiyo ni mtani wangu. Tangu tufike ananiita mtumwa wake na kunywa chai yangu bila kuomba. Nikasema, ah, utani! Nikaandika kwenye andalio la somo kwamba utani unapita yote matatu.

Sikuupima. Niliupenda tu.

Darasa lilicheka nilipoandika kwamba Mhehe ni mtani wa Mngoni na Mngoni ni mtani wa Mhehe. Mkufunzi kule nyuma akainua kichwa. Nikachangamka. Ndipo Kabula akanyoosha mkono, binti mpole wa wafugaji Wasukuma waliohamia Usangu.

"Mwalimu, wewe ni mtani wa Mwalimu Komba. Mwalimu Komba ni mtani wa baba yako. Basi wewe na baba yako ni watani?"

Akaongeza:

"Na kukiwa na msiba kwenu, utaingia kaburini kutania, au utalia?"

Mungu wangu! Babu alipofariki niliona kwa macho yangu Mngoni mmoja, mtani wetu, amelala ndani ya kaburi, anagoma kutoka mpaka abembelezwe, watu wanacheka huku machozi yanawatoka. Sisi wa nyumbani tulikaa chini tukalia. Mfiwa hajitanii. Ningewezaje kusahau jambo kama hilo?

Mkono ukaenda wenyewe kwenye kifutio, nakiri. Nilitaka kufanya yale yale ya Jumatatu. Nikamwona Mkufunzi anaandika, nikasema potelea mbali, nikakiweka chini.

Nikawaambia Kabula ana haki, mwalimu wenu amekosea, hebu tupime. Jaribio la kwanza: mtu si mtani wake mwenyewe, limekataa. La pili limekubali. La tatu limekataa. Nikakiri na lile la Jumatatu pia, kwamba jibu ni 6.

Kisha nikawauliza: tukisema semi mbili za aljebra zinahusiana zikitoa thamani sawa kwa kila x, je? Tukaweka 3x − 2(x − 4) kando ya x + 8. Kwa 1, zote 9. Kwa 5, zote 13. Kwa −2, zote 6. Kabula, huyu mtoto jamani, akasema namba tatu hazitoshi, huenda ya nne ikakataa. Tukafungua mabano: 3x − 2x + 8, yaani x + 8. Hakuna x ya kukataa. Majaribio yote matatu waliyathibitisha wenyewe, wakibishana mpaka kengele ikalia.

Mkufunzi aliningoja mlangoni. Akasema andalio langu lilikuwa na kosa kubwa na ameliandika.

"Ila umelifuatilia mbele ya watoto mpaka likaeleweka," akasema. "Umefaulu, Mwalimu."

Mwalimu! Siku zote huniita binti.

Alama ni ya chini kabisa ya kufaulu. Sijali hata kidogo. Nimeenda nyuma ya jiko nikalia, kisha nikamwandikia Baba barua fupi kwamba jembe alitafutie mtu mwingine.

Kesho kipindi cha kwanza ni changu, Kidato cha Pili. Nyuma ya darasa hapatakuwa na mkufunzi. Nitakuwa mimi na wanafunzi wangu, na Kabula ameshaniahidi swali.